Biashara inayosaidia jamii nayo ni mwajiri

Biashara yetu hutumia faida yake kusomesha yatima. Tulipotaja chama cha wafanyakazi, mkurugenzi alisema tutawanyang'anya watoto haki yao. Je, tunakosea?

Hamkosei, kwa kuwa haki ya kujiunga na chama haipimwi kwa wema wa mwajiri. Mkataba Namba 87 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1948, unawapa wafanyakazi haki ya kuunda chama wanachokitaka bila kuomba kibali. Mkataba Namba 98 wa mwaka 1949 unawakinga wasifukuzwe kazi kwa sababu ya uanachama. Na kwa Azimio la mwaka 1998, nchi zote wanachama wa shirika hilo zinawajibika kuheshimu haki hiyo, hata zile ambazo hazijairidhia mikataba yenyewe. Mshahara ni gharama ya kazi kama ilivyo kodi ya pango, na sijapata kusikia mwenye nyumba akiombwa asamehe kodi kwa ajili ya yatima. Mkiambiwa kwamba hazina ni tupu, ombeni hesabu zilizokaguliwa kabla ya kuketi mezani. Hata ikiwa tupu kweli, mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu masharti ya kazi, unaweza kuanza na yasiyogharimu sana, kama vile ratiba ya zamu na utaratibu wa kusikiliza malalamiko.

Kila jioni tunabaki saa mbili zaidi, na tunaambiwa huko ni kujitolea.

Anayejitolea anaweza kukataa. Iwapo anayeondoka kwa wakati huitwa kesho yake ajieleze, hizo ni saa za ziada, hata zikipewa jina gani. Nunua daftari dogo, uandike kila siku tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na jina la aliyekuagiza ubaki. Kwenye shauri, daftari la namna hiyo lina uzito kuliko kumbukumbu ya kichwani.

Sisi ni ushirika na wenye mali ni sisi wenyewe. Chama cha nini tena?

Mwaka 1974, katika kiwanda cha Ulgor, mojawapo ya vyama vya ushirika vya Mondragon nchini Hispania, wanachama waligoma kupinga jinsi kazi zao zilivyopangwa katika madaraja ya malipo, na viongozi wa mgomo wakafukuzwa. Walikuwa na hisa na kura, lakini siku ya mgogoro hawakuwa na chombo kilicho huru na uongozi. Pendekezo Namba 193 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 2002, nalo linazitaka serikali zihakikishe kwamba ushirika hautumiki kukwepa sheria za kazi. Swali langu kwenu ni hili: vibarua wasio na hisa wanasemewa na nani?

Mimi ni meneja. Naweza kujiunga?

Inategemea sheria ya nchi yako. Mwenye mamlaka ya kuajiri na kufukuza mara nyingi hawekwi kundi moja na anaowasimamia.