Ng'ombe watano, kitufe cha kijani na mashine zangu sita

Nilifungua saiba yangu Ngara, Nairobi, mwaka 2008. Mashine sita, chumba kimoja juu ya kinyozi, shilingi moja kwa dakika. Kebo za baharini hazikuwa zimefika bado. SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, na kabla ya hapo intaneti yangu ilipitia setilaiti ikanifikia imechoka. Faili ya megabaiti 20 nilikuwa naianzisha jioni nikifunga, naenda zangu nyumbani nikiomba stima isipotee. Asubuhi naikuta imekatikia asilimia themanini na kitu.

Kwa hivyo nilipoambiwa kuna tovuti yenye kila programu mahali pamoja, na kwamba kuna mtu aliyeijaribu kabla yangu, mimi nilishukuru Mungu. Sikujiuliza nani anayelipia.

Ningejiuliza, ningeanzia mbali. Tucows, mojawapo ya tovuti za kwanza za kupakua programu, ilizaliwa mwaka 1993 huko Flint, Michigan, Marekani. Siku hizo Windows ilihitaji programu ya pembeni, Winsock, ili iongee na intaneti, na jina lenyewe ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mkusanyiko kamili wa programu za Winsock. Lakini ukilitamka unasikia "ng'ombe wawili", basi wakachora ng'ombe, na programu wakazipa alama kwa ng'ombe. Bora kabisa ilipata watano. (Kwetu kijijini ukitaja ng'ombe watano, wazee wa mahari hata chai hawamalizi.) Nakala za mafaili ziliwekwa kwenye seva za kampuni za intaneti nchi mbalimbali, ili kila mtu apakue kutoka karibu. Mwaka 1996 ikaja Download.com ya CNET, na 1999 SourceForge, ambayo iliwahifadhia bure watunzi wa programu huria kazi zao.

Shida ni kwamba kumgawia mtu faili ni gharama, na matangazo ya pembeni hayakutosha kila mtu. Ndipo biashara mpya ikaingia. Kampuni iliyotaka mkanda wake wa kutafutia ukae juu ya brauza yako ililipa kwa kila kompyuta ulikowekwa. Kwa hiyo tovuti ikaifunga programu uliyoitaka ndani ya kisakinishi chake, na humo ndani kukawa na visanduku vilivyotiwa tiki tayari. Download.com ilianza hivyo mwaka 2011, na mwezi Desemba Gordon Lyon, mtunzi wa Nmap, programu ya kukagua mitandao, akalalamika hadharani kwamba programu yake imefungashiwa takataka. SourceForge nao wakaleta mpango wao mwaka 2013. Watu wa GIMP, programu huria ya kuhariri picha, wakahama mwaka huohuo, na 2015 wakakuta GIMP ya Windows bado inagawiwa pale ikiwa imezungushiwa matangazo. Tovuti ilipopata wenyewe wapya mwaka 2016, mpango ulifutwa.

Mimi hayo niliyajua baadaye. Mwaka 2012 nilihitaji programu ya kuunganisha PDF, nikaenda kwenye tovuti moja ambayo sitaitaja. Ukurasa ulikuwa na vitufe vinne vya kijani, vikubwa, vyote vimeandikwa "Download". Vitatu vilikuwa matangazo. Kiungo cha kweli kilikuwa maandishi madogo ya buluu chini kabisa. Nikabofya kikubwa, nikachagua njia ya haraka, ndiyo, ndiyo, ndiyo, kisha nikaibeba faili ileile kwa flashi hadi kwenye mashine zote sita. Nilijiona fundi.

Kesho yake mama mmoja wa Gikomba alikuja kusoma barua pepe ya binti yake. Akaniita taratibu, kama anayeogopa kuniaibisha.

"Kijana, hii mashine yako imerogwa?"

Juu ya brauza kulikuwa na mikanda mitatu, mmoja una kasuku anayepepesa macho. Kila ukurasa aliofungua ulimpongeza kwa kushinda simu. Niliitoa mikanda, nikawasha upya, kasuku akarudi. Nilimrudishia mama shilingi zake ishirini, nikafunga mlango siku mbili, nikafuta mashine zote na kuanza upya.

Tangu hapo naenda kwa mwenye programu. VLC ya kuchezea video naichukua videolan.org, GIMP gimp.org, na anwani naiandika mwenyewe, kwa sababu tokeo la kwanza ukitafuta mara nyingi ni tangazo lililolipiwa. Kisakinishi kikikuuliza njia ya haraka au ya kuchagua mwenyewe, chagua mwenyewe, usome kila sanduku hata kama mteja anakuharakisha. Kwenye Windows 10 na 11 kuna amri ya winget inayokuletea programu bila kitufe chochote cha kijani. Na APK, yaani faili ya kusakinisha programu ya Android, ya kutumiwa kwa WhatsApp, hata na binamu, mimi sigusi.

Kuna jambo watu hulipuuza: alama ya SHA-256, ule mstari wa herufi na tarakimu 64 ambao watunzi wengi huuweka karibu na faili; faili ikibadilishwa, alama yake nayo hubadilika. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe jibu na alama ya mtunzi. Mei 2017 wadukuzi waliingia kwenye moja ya seva mbili za HandBrake, programu ya kubadilisha muundo wa video, wakabadilisha faili ya Mac kwa siku kadhaa. Aliyelinganisha alama aligundua. Lakini usiiamini kupita kiasi, kwani aliyeidukua tovuti yenyewe anaweza kubadilisha faili na alama pamoja.

Na kama umeshabofya, kata intaneti kwanza. Toa programu zote zilizoingia tarehe ile, angalia viendelezi vya brauza, kisha pitisha antivairasi. Maneno ya siri yabadilishe kwa kutumia simu au kompyuta nyingine. Nimewaona wateja wakibadilisha ya benki wakiwa wamekaa mbele ya kasuku.