Mtoto hana miguu dhaifu, kiatu ndicho kikubwa

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nimemnunulia mwanangu wa miaka 11 skeiti za magurudumu za mtumba. Anavaa namba 36, nikachukua 39 ili akue nazo, namvalisha soksi mbili. Akisimama miguu inalala ndani. Jirani anasema vifundo vyake ni dhaifu, achuliwe na afungwe bandeji. Halafu tangu anyeshewe magurudumu ni mazito. Nitie oili gani? (Mama, Kihesa, Iringa)

JIBU: Mama, usimpeleke mtoto kuchuliwa. Hawa "wenye vifundo dhaifu" naletewa kila mara, na nikipenyeza kidole nyuma ya kisigino, kinazama chote. Skeiti si sare ya shule, ununue kubwa ukunje pindo. Kazi ya kushika kifundo ni ya kiatu. Mguu ukielea humo ndani, kifundo kinabeba kazi isiyo yake, kinachoka, kinalala. Soksi ya pili inateleza juu ya ya kwanza na kuleta malengelenge, basi.

Mpime kwa sentimita, kisigino kikigusa ukuta, maana namba za mtumba hazisomeki sawa. Akifunga skeiti na kusimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Akikunja magoti virudi nyuma, na kisigino kisinyanyuke. Unaogopa atakua? Zipo za watoto zinazorefushwa kwa kitufe.

Oili usitie kwanza. Beringi, kile kipete cha chuma kinachozungusha gurudumu, iliyokunywa maji na vumbi letu jekundu, ukiimiminia oili ya injini umekanda tope la kusagia chuma. Mtu mzima azitoe, azioshe kwa petroli nje, mbali na moto, zikauke kabisa, kisha tone moja la oili ya cherehani. Inayoendelea kukwaruza itupwe. Nyingi ni za namba 608, milimita 8 ndani na 22 nje. Peleka ya zamani dukani ulinganishe.

Wanaoniudhi kuliko wachuaji ni wauzaji wanaong'oa breki ya nyuma eti skeiti ionekane ya wataalamu. Mji wenyewe huu wa milima! Nimewakuta vijana wasio na breki wakielekea mteremko wa Ipogolo, barabara ya malori, mikono mitupu. Anayeanguka hutanguliza viganja, kwa hiyo kinga za vifundo vya mikono zinunuliwe siku moja na skeiti, pamoja na helmeti na za magoti.

Hizo 39 ziangalie nyuma. Kama breki haipo, usimuuzie mwenzako mwenye mtoto anayeanza.