Maswali ya Wasomaji: Nisimame wapi mwanangu akiwa chumba cha dharura?

SWALI: Mwanangu wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na degedege usiku. Tulipofika hospitali muuguzi alimpokonya mikononi mwangu, akaniambia nisubiri nje. Nilipochungulia nikaona wanamchoma nyuma kwa bomba, na mama mkwe alishanionya kuwa mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Nusura nimnyakue niondoke naye. Hivi mzazi hastahili kuambiwa kitu?
*Mama wa Makorora, Tanga*

JIBU: Pole sana, mama. Unastahili. Halafu ulichokiona hakikuwa sindano. Mtoto anayetupa mikono na miguu mshipa wake haupatikani upesi, hivyo dawa ya kukata degedege, diazepamu, hupitishwa njia ya haja kubwa kwa bomba lililotolewa sindano. Kipimo ni miligramu 0.5 kwa kila kilo: mtoto wa kilo 10 hupewa miligramu 5, yaani mililita 1 kutoka kile kichupa cha miligramu 10 kwenye mililita 2. Kisha makalio hubanwa kwa dakika chache dawa isirudi nje. Kwa anayechungulia mlangoni, hiyo ni sindano tu. Muuguzi alipaswa kukuonyesha lile bomba, "Mama, tazama, halina sindano", kabla hajalitumia. Hapo hapapotei muda wowote.

Anachotobolewa kweli ni kidole au kisigino, tone la damu la kupimia sukari na malaria. Hilo nalo uambiwe kabla hajalia.

Mama mkwe asichekwe. Huku pwani degedege limehusishwa na shetani tangu enzi, mtoto hufukizwa kwanza, hospitali baadaye. Akifikishwa amechelewa, akachomwa sindano, akafa, lawama huiangukia sindano, kwa sababu hakuna aliyewaeleza wazee kuwa ni malaria iliyopanda kichwani au sukari iliyoshuka.

Mahali pako ni kichwani kwa mtoto. Miguuni na ubavuni utawazuia wanaotafuta mshipa. Chumba kikiwa finyu aingie mtu mmoja, na si lazima awe mama. Bibi mwenye moyo mgumu anafaa. Shika kadi ya kliniki: uzito ulioandikwa humo ndio unaopimia dawa pale ambapo hakuna nafasi ya kumpandisha mizani. Sema degedege lilianza saa ngapi na limerudi mara ngapi. Taja pia alichonyweshwa na kama alifukizwa, wala usione haya, maana dawa aliyonyweshwa akiwa hana fahamu huweza kuingia mapafuni, na moshi huzidisha tabu ya kupumua. (Muuguzi anayeguna akisikia habari ya moshi, kesho atafichwa ukweli.)

SWALI: Nilifika mapema, lakini mtoto aliyekuja nyuma yangu akaingizwa kwanza. Kujuana?
*Baba wa Pongwe*

JIBU: Mara nyingi sivyo. Muuguzi hutazama pumzi, fahamu, degedege na mzunguko wa damu. Hubonyeza ukucha sekunde 5, akaachia. Weupe ukikawia zaidi ya sekunde 3 na mikono ikiwa ya baridi, huyo hasubiri. Kosa ni kukuacha bila kukueleza. Wako akianza kutapika kila kitu, akashindwa kunyonya au akawa haamshiki, toka kwenye foleni useme kwa sauti.

SWALI: Mimi ni muuguzi mgeni hapa Tanga. Mtoto akizidiwa hadi kukandamizwa kifua, ndugu watolewe?
*Muuguzi, Chumbageni*

JIBU: Waulizwe. Anayetaka kubaki apewe kiti, na mhudumu mmoja asiye na kazi nyingine akae naye, amweleze kinachofanyika: "Tunampulizia hewa kwa mfuko, huyu anakandamiza kifua." Pasipo mhudumu wa ziada mambo huharibika: mama huzimia sakafuni na timu hugawanyika.

Mtoto akifa, sema "amefariki". Ukisema "hali imebadilika", baba atauliza anahamishiwa wapi. Kaa kimya kidogo, kisha uliza kama mama angependa kumpakata; ondoa mipira usoni, mfute. Familia ya Kiislamu huenda ikataka wenyewe kumfumba macho na kumwelekeza kibla, basi usiwatangulie. Na kibali cha mazishi kishughulikiwe mara moja, kwani wengi hapa huzika siku hiyohiyo, na ndugu watakuwa wameshakwenda kuchimba kaburi wakati karatasi bado iko mezani kwako.