Kwa mnaoanza kupima magonjwa kwa pumzi: maji kwanza

Anayeingia kwenye kazi hii huvutiwa kwanza na faiba yenyewe, uzi wa kioo unaopitisha mwanga na kutumika kama kihisi cha gesi, wenye unene wa mikromita 125 tu, na ana haki ya kuvutiwa. Ila mimi nakuomba uanze kuijua pumzi.

Pumzi hutoka mdomoni ikiwa karibu imeshiba mvuke wa maji. Asetoni unayoitafuta kwa mgonjwa wa kisukari humo kwa kawaida ni sehemu chache tu katika milioni, na naitriki oksaidi ya mwenye pumu huhesabiwa kwa sehemu katika bilioni. Vihisi vingi vya faiba hupakwa utando wa kunasa gesi, na utando huohuo hunywa maji kwa pupa. Ukivimba, urefu wa wimbi la mwanga unahama, nawe unashangilia amonia, gesi tunayoitafuta kwa mgonjwa wa figo, kumbe umepima unyevu. Ndiyo maana matokeo ya kihisi kilichojaribiwa kwa naitrojeni kavu ya mtungi peke yake hayanitoshi. Pitisha hewa safi kwenye chupa ya maji ya uvuguvugu, usome kihisi kinasema nini bila gesi yoyote, ndipo uongeze gesi yako kidogo kidogo. Wala usikimbilie kuikausha pumzi: mirija ya Nafion, aina ya plastiki inayotoa maji kwenye gesi, huondoka na amonia pia.

Halafu angalia chumba. Spiriti tunayofutia ncha za faiba, pamoja na sanitaiza ya mikononi, huacha mvuke unaokaa hewani muda mrefu, na kihisi cha asetoni kinaweza kuuitikia vilevile. Weka chupa mbali, fungua madirisha, pima hewa ya chumba kabla ya kila mtu.

Mpimwaji naye asukutue mdomo, maana bakteria wa mdomoni hutengeneza amonia yao wenyewe, ukadhani ni figo. Hewa ya mwanzo, ya mdomo na koo, iache ipite. Unayoitaka ni ya mwisho, iliyotoka ndani kabisa ya mapafu. Muulize amekula saa ngapi. Mwezi wa Ramadhani swali hili ni la lazima, kwani mtu aliyefunga asetoni yake hupanda hata kama hana kisukari.

Kwa hiyo usimwambie mtu anaumwa kwa sababu ya namba ya kihisi. Mpime sukari ya damu palepale, na namba zote mbili ziandikwe kwenye mstari mmoja wa daftari.