Muulize Mjomba: Kodi ya kaunta, kodi ya fegi, na hela isiyo yako

Safari hii barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kodi, kuna wanunuzi, kuna wenye maduka, kuna na mzee mmoja mvutaji aliyekasirika kweli kweli. Zilizofanana nimeziunganisha, msininunie.

Mjomba shikamoo. Nilikuwa Marekani, rafuni nimeona bei moja, kufika kwa keshia natajiwa nyingine imezidi. Nikaona haya kuuliza nikalipa, ila mpaka leo nahisi nilipigwa. Kwingine nilikopita bei ya rafuni ndo hiyohiyo ya kaunta. Inakuwaje?

Marahaba mpwa wangu. Hukupigwa. Ile ni kodi ya mauzo, inatozwa mara moja tu pale mnunuzi wa mwisho anapolipa, na rafuni hawaiandiki maana kila jimbo lina kiwango chake, na miji mingi nayo inaongeza chake juu, alafu yapo majimbo matano (Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon) ambayo jimbo lenyewe halitozi kabisa. Nchi nyingi nyingine zinatumia VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ile ambayo Ufaransa ilianza nayo mwaka 1954, na huko bei unayoiona mara nyingi kodi ishamezwa ndani. Kwahiyo kote ulilipa, ila sehemu moja ulioneshwa na nyingine hukuoneshwa. Mie binafsi ile ya kaunta inanikera lakini naiheshimu, angalau unajua umekatwa ngapi.

Ila kuna hesabu watu wengi wanaikosea, hata wenye maduka. Kitu kinauzwa 120 na VAT ya asilimia 20 imo ndani. Kodi ni ngapi? Usiseme 24! Asilimia 20 inahesabiwa kwenye bei kabla ya kodi, siyo kwenye 120, kwahiyo unachukua 120 unagawanya kwa 1.2 unapata 100, kodi ni 20. Mwenye duka anayepiga 24 anajipunja mwenyewe 4 kwa kila kipande na wala hajui hela inavujia wapi.

Mjomba, mie nina duka, wateja namshukuru Mungu wapo, lakini ikifika siku ya kupeleka ritani ya VAT, ile fomu ya hesabu ya kodi pamoja na hela yake, sina kitu. Mume wangu anasema tufunge, kodi inakula faida yote.

Mama, usinichukie. Kodi haijala faida, nyie ndo mmekula kodi. Najua kwasababu hata mie nimewahi kuila. Nilikuwa na kabiashara zamani, droo moja, kila kilichoingia kinakaa humohumo, jioni nahesabu naona noti zimejaa nafurahi, kesho asubuhi nachota nakwenda kuongeza mzigo, na kumbe ndani ya zile noti kuna fungu lisilo langu, nimelishika tu kwa niaba ya serikali. Siku ya ritani mzigo uko rafuni, hela haipo. Nikakopa kulipa kodi ambayo wateja walishanilipa, hebu fikiria upuuzi ule.

Tuangalie kipande kimoja. Umenunua jumla kwa 100, ukaongezewa VAT 20, umetoa 120. Ukaweka faida yako ukauza 150 ukaongeza VAT 30, mteja katoa 180. Kwenye 30 ya mteja unatoa ile 20 uliyolipa kwa mwenye jumla, unapeleka 10. Faida yako ni 50, haijaguswa, ila ukiangalia 180 ya droo kisha 120 ya jumla utajidanganya kwamba umepata 60, na hiyo 10 ya juu ndo inayowatafutia ugomvi nyumbani. Nunueni bahasha, au fungueni akaunti ya pembeni, hela ya kodi ihame kila jioni kabla haijazoeana na hela zenu.

La pili ni karatasi. Ukinunua mzigo kwa mtu asiyekupa ankara halali ya kodi eti kakupunguzia kidogo, ile 20 huwezi kuidai tena, unapeleka 30 nzima. Kwahiyo punguzo lake kama halifiki 20 amekuuzia hasara ukamshukuru.

Na kweli pia, sitaki kukudanganya, siyo kila mara kodi inasogea kwa mteja yote. Kiwango kikipanda na wewe unaogopa kugusa bei maana mwenzako wa jirani hajagusa, basi kile kipande kinatoka mfukoni kwako. Kitu ambacho mteja hawezi kukiacha, kodi anaibeba yeye, kitu ambacho anaweza kukiacha au kukipata pengine, mwenye duka ndo anayeumia. Shika hilo maana linakuja tena hapo chini kwenye fegi.

Nikinunua mtandaoni kutoka nje nakwepa kodi, si ndiyo Mjomba?

Zamani kidogo ndiyo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwenye kesi ya jimbo la South Dakota na Wayfair, kampuni inayouza mtandaoni, iliruhusu majimbo kumdai kodi muuzaji hata kama hana duka wala ofisi jimboni, na Umoja wa Ulaya kuanzia Julai 2021 ukafuta msamaha wa VAT kwa vifurushi vya chini ya euro 22. Mlango unafungwa huo.

Kijana, mie navuta sigara tangu hujazaliwa. Kila bajeti wanapandisha. Nimesoma risiti naona kuna ushuru na juu yake VAT, yaani kodi juu ya kodi! Kama hawataki tuvute si wapige marufuku tu? Wanataka hela zetu.

Shikamoo mzee wangu. Macho yako yako sawa, ni kodi juu ya kodi. Ushuru wa bidhaa anaulipa mwenye kiwanda au muagizaji, unaingia kwenye bei, halafu VAT inapigwa kwenye jumla yote, ushuru ukiwemo. Shirika la Afya Duniani linashauri kodi zote zikijumlishwa zifike angalau asilimia 75 ya bei ya pakiti, yaani ukivuta fegi nne tatu ziwe za serikali. Na ugomvi huu ni wa kale, mfalme James I wa Uingereza mwaka 1604 aliichukia tumbaku mpaka akaandika kijitabu kizima kuisema, akapandisha ushuru kutoka pensi 2 kwa ratili hadi shilingi 6 na pensi 10, zaidi ya mara 40 kwa mpigo. Watu hawakuacha.

Wanataka hela? Wanataka, mzee, na wanataka upunguze, na kinachoudhi ni kwamba wanapata vyote viwili. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10 uvutaji unashuka kama asilimia 4 kwenye nchi tajiri na kama 5 kwenye nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Sasa chukua pakiti ya 100, ndani yake kodi 60, zinauzwa pakiti 100. Serikali inapata 6,000 na wenye kiwanda na maduka wanabaki na 4,000. Ongeza kodi 10, bei 110, pakiti zinashuka hadi 95. Serikali: 70 mara 95, inapata 6,650. Wengine: 40 mara 95, wanabaki na 3,800. Umeona nani kalia hapo? Ndo maana makampuni ya sigara yanapiga kelele kuliko hata wewe.

Na ndo lile nililomwambia mama wa duka. Nikotini imekushika, huna pa kukimbilia, kodi unaibeba wewe. Mara nyingine kampuni inajificha nyuma ya kodi, kodi ikipanda 10 yenyewe inapandisha bei 13, hasa kwa zile za bei juu, na kwenye zile za bei poa kodi kidogo inaibeba yenyewe ili usihame kabisa. Wanaoacha haraka zaidi ni vijana na wenye hela kidogo. Lakini mwenye hela kidogo asiyeacha ndo anayeumia kuliko wote, maana fungu lilelile la kodi kwake ni kipande kikubwa cha kipato, na wanaotetea kodi hii hapo huwa wanapita haraka haraka. Mie naiunga mkono, lakini sipiti haraka.

Mjomba habari za leo. Mie nauza rejareja, sigara faida yake ni ndogo sana ila nikikosa mteja haingii kununua na vingine. Sasa kuna jamaa analeta pakiti za bei chee, kila mtu anachukua. Nifanyeje?

Njema. Wewe ndo nakuonea huruma zaidi, kwasababu ushuru kwako ni mtaji uliolala. Ulishalipwa huko juu, ukanunua jumla ukiwa ndani ya bei, kwahiyo pakiti zikilowa au zikiibiwa umepoteza na kodi ya serikali ambayo hukuwahi kuikusanya. Baadhi ya nchi ushuru ukipanda hata stoku iliyoko rafuni inatozwa ile tofauti ya ushuru wa zamani na mpya, Marekani walifanya hivo mwaka 2009 ushuru wa kitaifa ulipofika dola 1.01 kwa pakiti, kwahiyo kabla ya kuhodhi maboksi ukisubiri bajeti uliza kwanza sheria yenu inasemaje.

Huyo jamaa anaishi kwenye pengo. Palipo na kodi mbili tofauti zinazopakana kuna mtu na gari lake. Ndani ya Marekani hiyohiyo moja, jimbo la Missouri linatoza senti 17 kwa pakiti na New York dola 5.35, na sigara haziozi upesi wala haziumi mgongo kubeba. Serikali nyingi zimejibu kwa stempu ya kodi kwenye pakiti, na mkataba wa kimataifa wa kupambana na magendo ya tumbaku umeanza kutumika Septemba 2018, shabaha yake kubwa ni kufuatilia pakiti kutoka kiwandani mpaka inakouzwa.

Akija tena, usibishane naye bei. Chukua pakiti yake na yako ziweke pamoja kwenye mwanga, angalia stempu ipo au haipo, imebandikwa vizuri au imehamishwa kutoka pakiti nyingine, onyo la afya limeandikwa kwa lugha gani, kisha mwombe ankara. Wa magendo hapo atakumbuka ghafla ana safari. Maana wakaguzi wakija, yeye hawamkuti, wanaikuta rafu yako.