Omakase ya Ginza, usiogope kaunta

Mkuu, umesema bosi kakuwekea nafasi ya omakase, yaani mlo wa sushi unaokula kaunta mbele ya mpishi, huko Ginza, Tokyo, na unaogopa kuaibika kwa nguo na vijiti vya kulia. Nguo usiumize kichwa, shati safi na suruali inatosha, ila pafyumu siku hiyo usijipulizie kabisa, kaunta yenyewe ni ya watu wachache mmebanana na harufu ya chakula ndo nusu ya starehe.

Ukisikia omakase ujue mpishi ndo anaamua mtakula nini, sasa kama kuna kitu huli, pweza au kaa au chochote, mwambie bosi aseme leo sio mkishakaa. Kama we muislamu ndo kabisa, maana sosi ya soya anayopaka mpishi juu ya samaki mara nyingi huchemshwa na sake na mirin, ambazo ni pombe za mchele. Na usichelewe, sehemu nyingi wanawaanzisha wote pamoja.

Vijiti vya nini wakati mkono unaruhusiwa? Nigiri, kile kitonge cha wali chenye samaki juu, ikiwekwa mbele yako itie mdomoni palepale, yote kwa mara moja, wali bado una uvuguvugu na samaki juu yake kapoa, ukianza kutafuta engo ya picha ishaharibika hiyo. Wasabi, ile kitu ya kijani inayowasha, ishawekwa ndani na sosi ya soya mpishi kashapaka kwa brashi, so usichovye tena labda akuambie. Tangawizi unatafuna katikati kusafisha mdomo, sio kuirundika juu ya samaki jamani.

Bili za jioni huko yeni 30,000 kwa kichwa ni kawaida, muachie bosi, na tipu msiache, Japani hawana mambo hayo.