Maswali ya Wasomaji: Jina la AEK Lilitoka Wapi?

SWALI: Mhariri, nasikia kwamba herufi ya mwisho katika jina la AEK, klabu ya Athens, ni ya Konstantinopoli, yaani Istanbul ya leo. Ilikuwaje klabu ya Ugiriki ikaitwa kwa mji wa Uturuki, na tai wa vichwa viwili aliye kwenye nembo yake ana maana gani?

JIBU: Ndugu msomaji, umesikia sawasawa. AEK ni kifupisho cha maneno ya Kigiriki yenye maana ya Umoja wa Michezo wa Konstantinopoli, nao ulianzishwa mwaka 1924 na wakimbizi waliokutana katika duka la vifaa vya michezo, barabara ya Veranzerou, katikati ya Athens. Ugiriki ilikuwa imeshindwa vita na Uturuki mwaka 1922, na Januari 1923 nchi hizo zilitia saini huko Lausanne makubaliano ya kubadilishana watu: Wakristo Waorthodoksi wa Anatolia, yaani upande wa Uturuki ulio Asia, ambao pamoja na waliokwisha kukimbia walizidi milioni moja, wawe wa Ugiriki, na Waislamu wa Ugiriki wapatao 400,000 wahamie Uturuki. Kilichoamua mtu aende wapi kilikuwa dini yake, wala si lugha aliyoizungumza nyumbani.

Wengi hawajui kwamba Wagiriki walioishi Konstantinopoli kabla ya tarehe 30 Oktoba 1918 waliruhusiwa kubaki. Hata hivyo maelfu kwa maelfu waliondoka kwa hofu, wakawaacha nyuma wenzao wengi, kwa hiyo mji uliotajwa katika jina la klabu ulikuwa bado na Wagiriki wake. Ndiyo maana mimi huliona jina hilo kuwa zaidi ya kumbukumbu: lilitaja kwao.

Tai huyo, pamoja na rangi za njano na nyeusi, ametokana na Dola ya Bizanti, ambayo makao yake makuu yalikuwa mji huohuo. PAOK ya Thessaloniki, iliyoanzishwa mwaka 1926 na watu wa Konstantinopoli vilevile, inaye tai kama huyo, ila mabawa yake ameyakunja, ishara ya msiba.

Uwanja wa AEK ulifunguliwa mwaka 1930 huko Nea Filadelfeia, kitongoji cha wakimbizi. Ulibomolewa mwaka 2003, na mashabiki wakasubiri hadi mwaka 2022 ndipo timu iliporudi mahali palepale, katika uwanja mpya unaoitwa Agia Sophia, jina la kanisa kuu la kale la Konstantinopoli.